Dar inaliwa kwa saa: mwongozo wa mgeni mwenye njaa

Rafiki yangu mmoja wa Nakuru alikuja Dar akashinda na njaa siku nzima, na wala hakukosa hela. Aliamka saa nne na nusu asubuhi, akatoka kutafuta supu aliyosimuliwa. Akakuta masufuria yanaoshwa. Basi, akasema, nitakula mchana. Akarudi kulala, akaibuka kwa mama ntilie saa tisa na nusu, wali umebaki ukoko na samaki wamebaki vichwa. Saa kumi na moja jioni akataka chipsi, akamkuta kijana wa chipsi ndiyo kwanza anamenya viazi, jiko halijawashwa. Alinipigia simu kwa hasira: "Nyinyi watu wa Dar mnakula saa ngapi?"

Swali zuri. Chakula cha jiji hili kina saa zake, na kila saa ina mtaa wake. Mgeni anayetembea na orodha ya migahawa mkononi atakula, ndiyo, lakini atakula vile vinavyoliwa mji wowote. Anayetaka kula Dar yenyewe aifuate saa. Mwongozo huu nimewaandikia wageni wanaokijua Kiswahili tayari, wa Nairobi, Mombasa, Bujumbura, Lubumbashi, maana hao ndio wanaonisumbua kuliko Wazungu. Wanadhani wakishajua lugha wamejua na chakula.

Hatua ya 1: Badilisha maneno kabla hujabadilisha hela

Anza na neno mboga. Kenya mboga ni majani. Hapa mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, hata kikiwa mguu wa mbuzi. Ukiulizwa "Ugali na mboga gani?" ukajibu "nyama", umejibu sawasawa. Ukitaka majani, sema mboga za majani au yataje kwa majina: mchicha, matembele, kisamvu. Mtu wa Lubumbashi anayetamani sombe aulize kisamvu, na bukari yake hapa ni ugali. Ndagala za Bujumbura ni dagaa. Githeri ni makande. Ndengu ni choroko. Ukitaja dengu utaletewa kitu kingine. Na ukinunua bagia usigombane na mtu: bagia za Dar ni za kunde au dengu zilizosagwa, sio viazi vya kukatwa vipande na kuchovywa kwenye unga.

Ukiagiza soda utaulizwa, "Ya moto au ya baridi?" Hakuna anayechemsha soda. Ya moto ni ile ambayo haijakaa kwenye friji, na wapo wazee wanaoipenda hivyo.

Neno jingine ni kitimoto. Hiyo ni nyama ya nguruwe, na watani wanaiita mbuzi katoliki. Mgeni wangu wa Mombasa, Muislamu safi, aliona bango la kitimoto Sinza akadhani ni mahali pa kukaa karibu na jiko. Alikuwa ameshavuta kiti. Mwenye baa mwenyewe ndiye aliyemwona na kofia yake, akamnong'oneza. Kama huli nguruwe, lishike neno hilo pamoja na hilo la mbuzi wa bandia. Na mahali ambapo wanachoma vyote viwili, uliza kama majiko ni tofauti. Swali hilo ni la kawaida, hakuna atakayekushangaa.

Halafu kuna jinsi ya kuagiza. Mkenya husema "nipe chai" wala hana nia mbaya, ila Dar "nipe" inasikika kama askari anadai leseni. Sema "naomba". "Dada, naomba chai ya rangi na chapati mbili." Mama mtu mzima muamkie shikamoo kwanza, akuitikie marahaba, ndipo utaje njaa yako. Mimi naamini kipande cha nyama huongezeka kidogo baada ya shikamoo, ingawa sina mizani ya kuthibitisha. Na ukipita mtu anakula akakuambia "karibu", amekusalimu tu. Jibu "asante" uendelee na safari, usivute kiti.

Hatua ya 2: Hela ndogo

Jero ni shilingi 500, buku ni 1,000, buku tano ni 5,000, na msimbazi ni noti nyekundu ya 10,000. Usiende na msimbazi kwa muuza vitumbua saa 12 asubuhi. Hana chenji, na atakutuma wewe ukaitafute. Sehemu nyingi sasa wana lipa namba ya kulipia kwa simu, lakini hiyo inataka uwe na laini ya hapa. Bila laini, tembea na noti za buku na buku mbili.

Kwa mama ntilie bei inajulikana na ni ileile kwa kila mtu. Penye samaki, nyama choma na dafu, uliza kabla hujagusa.

Hatua ya 3: Supu, kabla ya saa 4 asubuhi

Supu ya Dar ni mlo kamili. Ni mchuzi mwepesi uliochemka na nyama yenye mifupa tangu alfajiri, haukaangizwi, hauna nyanya nyingi. Unaongezewa ndimu, chumvi na pilipili mezani. Unakula na chapati, au na ndizi za kuchemsha zikiwepo. Utaulizwa supu ya nini: mbuzi, ng'ombe, kuku, utumbo, makongoro. Makongoro ni miguu ya ng'ombe, inanata midomo, na ni dawa ya waliokesha. Kwa mara ya kwanza chukua ya mbuzi. Ukienda sehemu ya Wachaga utakuta mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama zikapondwa mpaka zikawa uji mzito. Bakuli moja linakufikisha mchana.

Pa kula hapahitaji ramani. Tafuta kibanda chenye bodaboda wengi waliopaki nje. Madereva wanakula kila siku na hawana muda wa supu ya jana.

Usiyetaka nyama asubuhi, Dar ina upande wa pili: vitumbua vya mchele, maandazi, chapati, mihogo ya kukaanga, chai ya maziwa au ya rangi yenye tangawizi. Watu wa Mombasa wataulizia mahamri na mbaazi. Maandazi yapo, mbaazi za nazi utazipata mitaa ya uswahilini, ila usitegemee kila kona.

Asubuhi moja iruke supu, uende Feri.

Hatua ya 4: Feri, na samaki wa kukaangiwa

Panda mwendokasi mpaka Kivukoni, mwisho wa njia. Mabasi haya yalianza mwaka 2016 na njia yake ya kwanza ni ya Kimara hadi hapo. Ukishuka fuata pua yako. Soko la samaki la Feri liko kando ya kivuko cha kwenda Kigamboni, na kelele zake utazisikia kabla hujaliona.

Ukifika mapema utaukuta mnada. Samaki wamewekwa mafungu, dalali anapiga bei haraka kama anasoma dua, wanunuzi wananyanyua vidole. Simama pembeni, angalia, usikune kichwa. Mnada ni wa wachuuzi wanaobeba ndoo nzima. Wewe nunua kwenye meza za rejareja.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaona samaki waliokwishakaangwa, wekundu, wamepangwa vizuri, wananunua. Hao ni wazuri pia, lakini raha ya Feri ni kuchagua wako mbichi. Tazama jicho: liwe angavu na limevimba, sio limezama na kuweka ukungu. Funua mashavu, ndani kuwe kwekundu. Bonyeza ubavu; shimo la kidole likibaki, mrudishe kwa adabu. Changu na tasi wanafaa kukaangwa wazima. Kolekole na nguru wana minofu ya kukatwa vipande. Ngisi na kamba wakiwepo, chukua kidogo kidogo, maana bei yao inakwenda haraka.

Ukishalipa, mpeleke kwa waparaji. Hawa kazi yao ni kupara magamba na kutoa matumbo, unawalipa wao peke yao. Kisha unakwenda kwa wakaangaji wenye makarai makubwa, nao unawalipa kivyao. Elewana bei ya kila hatua kabla hujamkabidhi mtu samaki, na usimwache aondoke machoni pako, sio kwa sababu watu ni wezi, ni kwa sababu changu wote wakishakaangwa wanafanana. Akitoka kwenye mafuta, mkamulie ndimu, tafuta mama mwenye ugali au ndizi hapo jirani, nawa, kula. Uma hauna kazi hapa.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba mwezi una mkono wake kwenye bei. Dagaa na samaki wadogo wa makundi huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mavuno hupungua na bei hupanda. Muuzaji akikuambia "mwezi huu, kaka", hakudanganyi.

Na sato? Sato ni samaki wa Ziwa Victoria, kama alivyo sangara. Utawakuta Dar kila mahali, wengine wakubwa kama sinia, na ni watamu. Ila umekuja mpaka baharini, ndugu yangu. Muulize mhudumu kama samaki ni wa maji chumvi.

Hatua ya 5: Mchana kwa mama ntilie

Kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Ukichelewa utaambiwa vilivyobaki, na vilivyobaki ni vile walivyokataa wenzako.

Mama ntilie, au mama lishe kama wanavyoitwa kiheshima, yuko kila penye watu wanaofanya kazi: nyuma ya maofisi mjini, gereji za Ilala, mitaa ya Kariakoo. Kariakoo kwenyewe pana jina la kijeshi, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo mizigo inabebwa pale vichwani na mikokoteni kutwa nzima. Wabeba mizigo wanahitaji kushiba. Kwa hiyo sahani za Kariakoo ni za kushibisha mtu.

Unaingia, unasalimia, unauliza, "Leo kuna nini?" Atakutajia kwa pumzi moja: wali nyama, wali samaki, wali maharage, ugali dagaa, ugali utumbo, ndizi nyama, makande, pilau. Ukishindwa kushika, mwambie arudie, au chungulia sahani ya jirani na useme "kama ya huyu". Wali utakuja na maharage pembeni, majani, na mara nyingi kipande cha tikiti au ndizi mbivu. Mchuzi ukikauka, omba uongezewe. Mchuzi na maharage kidogo kwa kawaida hawahesabu. Nyama wanahesabu.

Mambo matatu ya kuulizia hapa. Kwanza, kitu cha nazi: maharage ya nazi, kisamvu cha nazi, samaki wa tui. Hapa ni pwani, na chakula cha pwani bila nazi ni kama ngoma bila kigoda cha mpigaji. Pili, ugali wa dona, wa mahindi yasiyokobolewa. Wengi hutoa sembe usipouliza. Tatu, dagaa wa Kigoma. Wanatoka Ziwa Tanganyika, ni wakavu na hawana mchanga, na wakikaangwa na kitunguu na nyanya huwa siongei na mtu. Ijumaa, achana na haya yote ufuate pilau au biriani, maana siku hiyo masufuria mengi ya mjini yanapika hivyo.

Utanawishwa kwa jagi na beseni, au kwenye ndoo yenye koki. Mkono wa kulia ndio wa kulia. Ukitaka kijiko omba, hakuna kosa.

Kuhusu tumbo: kula kilichotoka motoni kinachofuka moshi. Kachumbari iliyokaa wazi tangu asubuhi iache, hasa siku mbili za kwanza. Kunywa maji ya chupa na hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Sahani zinazooshwa kwenye maji ya kijivu ni sababu tosha ya kusema "nitarudi" na kwenda kibanda cha pili.

Ukija Ramadhani, saa zote hizi zinageuka. Mama ntilie wengi hufunga vibanda mchana au hupika nyuma ya pazia, na ulaji wa mji unahamia saa ya magharibi. Nusu saa kabla ya adhana meza zinatolewa barazani: tambi, kaimati, mihogo na magimbi ya nazi, maboga, sambusa, tende, uji wenye pilipili manga. Kwangu mimi hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote cha kula Dar, hata kwa asiyefunga. Adabu tu: usitafune barabarani mchana, na jioni waache waliofunga waanze.

Hatua ya 6: Jioni, chakula cha kusimama

Kuanzia saa 10 hivi jua linalegea na vitu vidogo vinatoka. Dafu kwanza. Muuzaji yuko na baiskeli au mkokoteni, na atakuuliza unataka la maji au la nyama. La maji ni changa, tamu, la kunywa tu. La nyama ana kazi nalo mara mbili: unakunywa, unamrudishia, analipasua na kukuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lake. Karibu naye utamkuta wa miwa, anakamua na ndimu na tangawizi.

Matunda fuata msimu. Maembe yanafurika kuanzia Novemba hadi Januari, dodo na bolibo, na mananasi ya Kiwangwa, upande wa Bagamoyo, huja kipindi hichohicho. Embe bichi lililochanwa na kupakwa chumvi na pilipili ni la wanafunzi wa shule, lakini nimewaona mameneja wakilila garini.

Coco Beach, Oysterbay, nenda kwa ajili ya mihogo. Wanaikaanga au kuichoma, wanaipasua katikati, wanaijaza pilipili na chumvi na ndimu. Sema mapema kama pilipili yao huiwezi. Jumapili jioni ufuko unajaa familia mpaka mchanga hauonekani. Kama hupendi msongamano chagua Jumanne. Simu iwe mfukoni unapokula.

Kisha kahawa. Kwenye kijiwe cha uswahilini kuna birika la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kahawa chungu isiyo na sukari, na kashata ya karanga au nazi ya kukata uchungu. Unakaa kwenye benchi, unasalimia wote, unakunywa viwili au vitatu. Utaulizwa Simba au Yanga. Sema wewe ni mgeni.

Hatua ya 7: Usiku

Nyama choma inataka subira. Kwenye baa za Sinza, Mwenge au Kijitonyama unakwenda kwenye jiko mwenyewe, unaonyesha unachotaka, mbavu au paja, kinapimwa mbele yako, nusu kilo au kilo, unakubaliana bei. Kisha unakaa muda mrefu. Ukiambiwa "dakika kumi", agiza kinywaji cha pili. Ikija itakuwa imekatwakatwa kwenye sinia, na ndimu, chumvi, pilipili, ndizi za kuchoma au ugali. Jua pia kwamba sehemu nyingi jiko lina mwenyewe na kaunta ina mwenyewe. Utaletewa bili mbili na hujaibiwa. Bakshishi sio lazima. Chenji ya mia tano au buku ukimwachia mhudumu atafurahi.

Kwenye vituo vya daladala, giza likiingia, anatokea muuza pweza. Ana meza ndogo, taa, na vipande vimepangwa kwa bei tofauti. Unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye chachandu, yaani mchuzi wa pilipili, unahesabu mwenyewe ulivyokula, na unamalizia na kikombe cha supu yake. Wanaume watakutania kuhusu faida za hiyo supu. Cheka nao, maliza kikombe.

Na mwisho kabisa, kuanzia saa 2 usiku hadi watu wanapolala, zege. Ndiyo chipsi mayai, na jina limetoka kwenye zege la ujenzi, kwa sababu mayai yanavyomiminwa na kuganda ndivyo zege linavyofanya. Kijana anatupa chipsi kwenye kikaango kidogo, anapasua mayai, anayapiga kwenye kikombe, anamimina, anasubiri, anageuza kwa kufunika na sahani. Usimkimbize, zege lililogeuzwa mapema linavunjika. Ongeza mishikaki miwili kutoka kwenye makaa yaleyale. Atakuuliza maswali manne kwa kasi ya kondakta: mayai mangapi, kachumbari, pilipili, unakula hapa au nikufungie. Jibu lako ni mawili, weka, kwa mbali, hapahapa. Atakupa vijiti vya kuchokolea meno badala ya uma. Chukua vitatu, kimoja lazima kitavunjika.